Mtoto Wako Utamwacha kwa Nani?

Msimu wa kahawa ukianza kwetu Mbinga, mwezi wa Juni, nyumba huwa tupu tangu alfajiri. Baba yuko shambani, mama yuko shambani, na bibi kama bado ana nguvu naye yuko huko huko achuma. Kahawa ikiiva haimngoji mtu. Sasa je, mtoto wa miaka mitatu yuko wapi? Kumbeba mgongoni siku nzima katika miteremko yetu haiwezekani, amekwisha kuwa mzito. Kumlaza chini ya mbuni, baridi ya Juni itamkamata kifua, na siafu nao wapo. Basi huachwa na dada yake wa miaka minane, ambaye kwa sababu hiyo haendi shule. Au huachwa kwa jirani mzee asiyeona vizuri. Au, Mungu atuhurumie, hufungiwa ndani pamoja na bakuli la ugali na moto uliofunikwa majivu. Wengi wetu twamjua mtoto mmoja mwenye kovu la moto huo.

Ndiyo maana vituo vya kulelea watoto mchana vimeenea hata vijijini. Wengine wetu bado twaviita vidudu, kama walivyoviita wazazi wetu. Wengine husema chekechea. Si jambo geni. Katika miaka ya 1970, vijiji vya ujamaa vilikuwa na vituo vya namna hiyo ili akina mama wapate kulima, na mwaka 1981 nchi ikatunga sheria ya kuvisimamia. Siku hizi kituo chaweza kuwa cha parokia, cha masista, cha serikali ya kijiji, au cha mtu binafsi aliyejenga chumba kando ya barabara akakipaka rangi. Kwa hiyo mzazi anayo nafasi ya kuchagua. Walakini wangapi wetu huchagua kweli?

Mimi ni karani wa parokia. Kila Januari wazazi hunijia ofisini kutaka vyeti vya ubatizo, maana vituo vyataka kujua mtoto alizaliwa lini. Tena, kwa kuwa wanajua ya kwamba nilipitia chuo cha ualimu, huniuliza: "Karani, wewe ni msomi, nimpeleke wapi?" Zamani nilikuwa nikijibu upesi upesi. Siku hizi sijibu upesi, na sababu nitakueleza, ingawa haininyanyui.

Binti yangu alipotimiza miaka mitatu, mimi nilimtafutia kituo kwa dakika kama kumi hivi. Nilipita kwa baiskeli, nikaona nyumba iliyoezekwa bati jipya, ukutani pamechorwa twiga na simba, na ubao mkubwa wa jina. Nikaingia, nikamkuta mwenye kituo mezani, mtu wa maneno matamu. Akaniambia ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi na debe moja la mahindi. Nikalipa hapo hapo. Sikuwaona watoto wakila, sikuona choo, sikuuliza walezi ni wangapi. Mtu aliyekaa chuoni miaka miwili akifundishwa habari za watoto! Nililitazama twiga la ukutani nikaridhika.

Wiki ya tatu, kama saa sita mchana, mama mmoja auzaye vitumbua alikuja ofisini amemshika binti yangu mkono. Alimkuta peke yake chini, karibu na daraja la mto, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo. Nilimshukuru yule mama, hata maneno yakanipotea. Kisha nikampakia mtoto kwenye baiskeli nikaenda kituoni. Nikamkuta msichana mdogo, hajafika hata miaka kumi na sita, yuko peke yake na watoto waliojaa chumba kizima. Nikamwuliza, mtoto wangu yuko wapi? Akajibu kwa adabu sana, "Shikamoo mwalimu. Wote wapo, wanacheza." Naye mtoto alikuwa nyuma yangu, kwenye baiskeli. Sikuweza kumkasirikia yule msichana. Naye alikuwa mtoto tu, ameachiwa mzigo wa watu watatu.

Mke wangu hakusema neno usiku ule. Kesho yake asubuhi akiwa anakoka moto aliniambia, "Baba, mwaka jana ulipokwenda mnadani kununua mbuzi, ulimpanua mdomo ukahesabu meno, ukamwinua mguu mmoja mmoja. Kule kituoni ulihesabu nini?"

Basi nikaanza kuhesabu. Kwa majuma mawili nilivitembelea vituo vitatu vilivyo katika mwendo wa miguu kutoka kwetu, siku nyingine mimi, siku nyingine mke wangu, na mwisho sote wawili. Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kukuambia, msomaji, nawe uyapime kwa hali ya kijiji chako.

NENDA BILA KUBISHA HODI MBALI

Usiende asubuhi wakati wa kupokea watoto, wala Jumamosi walipotawanyika. Nenda saa nne, siku ya kazi, bila kupeleka habari. Wakikuambia wazazi hawaruhusiwi kuingia wakati watoto wapo, shika njia urudi nyumbani. Hiyo peke yake yatosha.

Lakini kabla ya kuingia, kaa kidogo nje usikilize. Mimi niliketi juu ya gogo nje ya kituo cha kwanza kwa nusu saa, na masikio yaliniambia mengi kuliko macho. Kituo chenye watoto wadogo hakiwezi kuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Ukisikia kimya kile cha woga, ujue fimbo iko karibu. Ukisikia kelele za vurugu tupu na hakuna sauti ya mtu mzima ndani yake, ujue hakuna anayechunga. Sauti nzuri ni ile ya mchanganyiko: huyu anaimba, yule analia, wawili wanagombea kopo, na mtu mzima anawaita kwa majina. Kwa majina, siyo "wewe, wewe!"

Kulia hakudhuru. Mtoto wa miaka mitatu hulia, ndiyo kazi yake. Tazama tu analiaje na nani anamwendea. Katika kituo cha pili nilimwona mlezi mmoja, mama wa makamo, ameacha mwiko akachuchumaa hata uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akamfuta kamasi kwa kanga yake, akamwuliza jambo. Sikusikia alilouliza. Mtoto akanyosha kidole kuonyesha mwenzake, wakaenda wote wawili kulimaliza shauri. Hakukuwa na cheti kilichoning'inizwa ukutani kuhusu jambo hilo, wala ada haiongezwi kwa ajili yake, nami naliona kuwa kubwa kuliko twiga wote wa dunia.

Ukiingia, hesabu. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima walio pamoja nao, siyo walio ofisini au sokoni. Mlezi mmoja akiwa na watoto wachache aweza kuwaona wote kwa mara moja. Akiwa na watoto arobaini, hata awe malaika hataona aliyechungulia mlangoni akatoka. Mimi nalijua hilo vizuri sasa.

CHOO, MAJI NA UJI

Wanaume wengi huona haya kuomba kuonyeshwa choo. Usione haya. Tundu la choo cha shimo lililokatwa kwa kipimo cha mtu mzima ni hatari kwa mtoto wa miaka miwili. Mguu huteleza, na mwili wake mdogo hupita. Choo cha watoto chataka tundu dogo, mahali pa kushika, na mtu wa kumsindikiza. Nje yake pawe na maji ya kunawa na sabuni. Kibuyu chirizi hakigharimu kitu: dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga. Kituo kinachoshindwa kuning'iniza dumu mlangoni, kitashindwa mengi. Tazama pia kisima au pipa la maji kama limefunikwa, na jiko kama limetengwa na uwanja wa kuchezea. Katika kituo cha tatu chungu cha uji kilichemka juu ya mafiga katikati ya uwanja, watoto wakikizunguka kama wachezao ngoma. Hatukukaa hapo hata dakika tano. Mke wangu alikuwa amekwisha kugeuka.

Sasa habari ya uji. Uliza unapikwa saa ngapi na kwa unga gani. Uji wa mahindi matupu, mwepesi kama maji, hujaza tumbo lakini haumjengi mtoto. Wataka karanga zilizosagwa, au maharage, au dagaa, au maziwa yakipatikana. Omba kuona ghala. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumu inayoitwa sumukuvu, isiyotoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua, na wengine wakafa, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Na mahindi yale ya kituoni ni yapi? Ni yale tuliyoyapeleka sisi wazazi! Mara ngapi mtu huchagua debe zuri la kuuza, na lile lililonyeshewa akalipeleka kituoni? Samahani, nimetoka kidogo nje ya njia, lakini lilikuwa limenikaa kooni.

Jambo jingine dogo: karanga nzima na bisi zisiwe mikononi mwa watoto wa umri huo. Huingia njia ya pumzi. Mlezi anayejua kazi yake atakuambia hivyo kabla hujamwuliza.

Na kwa kweli alama iliyonivutia zaidi katika kituo kile cha pili ni kwamba wao ndio walioniuliza mimi. Mtoto amekwisha kupata chanjo? Walitaka kuiona kadi ya kliniki, wakatazama kama alipata ile ya surua na rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Anaogopa nini? Analala mchana? Akitaka kujisaidia husemaje? Nani atakuja kumchukua, na kama huyo hawezi, nani mwingine? Wakaandika majina mawili daftarini, wakaniambia wazi ya kuwa hawatampa mtu wa tatu, hata akija mjomba wake na zawadi. Mimi kwa mazoea yetu ya kijijini niliona kama wananishuku. Mke wangu alifurahi.

HABARI YA KALAMU NA KIINGEREZA

Hapa najua nitawaudhi wengine. Wako wazazi ambao hukichagua kituo kwa daftari. Mtoto wa miaka mitatu akirudi na ukurasa mzima wa "a a a a", baba humwonyesha kila mgeni. Na akisema "gudi moningi", basi ada hata ikipanda mara mbili italipwa. Ndugu zangu, vidole vya mtoto huyo havijakomaa kushika kalamu. Mara nyingi ukurasa ule umeandikwa na mlezi akiushika mkono wa mtoto, au umeandikwa kwa machozi. Vidole hukomazwa kwa udongo wa mfinyanzi, kwa kuchambua maharage, kwa kufuma majani, kwa kumwaga maji kutoka kopo hili hadi lile. Huo ndio usomaji wa umri ule. Na juu ya lugha nauliza neno moja tu: mtoto akibanwa na haja, ataomba kwa lugha gani? Kama mlezi hataki kusikia ila Kiingereza, mtoto atajichafua, kisha atapigwa kwa kujichafua. Watoto wetu wengine hutoka nyumbani na Kimatengo tu. Mlezi mwema huanzia hapo walipo, akawaongoza kwenye Kiswahili polepole kwa nyimbo na hadithi.

Si mimi niliyebuni mawazo haya. Maria Montessori alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa daktari nchini Italia. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto mtaani San Lorenzo, mtaa wa maskini katika mji wa Roma. Wazazi walikuwa kazini mchana kutwa, na watoto walizagaa ngazini wakiharibu kuta, hata wenye majumba wakatafuta mtu wa kuwatunza. Waona basi, shida ilikuwa ile ile ya kwetu, ila hapakuwa na kahawa. Yeye akawatengenezea viti na meza za kimo chao, akawapa vitu vya kushika, kupanga, kufagia na kuosha, akakaa akiwatazama. Wale watoto waliosemwa kuwa ni wakorofi wakatulia kazini. Hata hapa nchini wako masista waliojifunza njia hiyo na kuwafundisha wengine, kama kule Lushoto. Sisemi kituo chako lazima kiwe cha namna hiyo. Nasema, ukiona watoto wanafagia na kuosha vikombe vyao kwa furaha, usikasirike ukidhani wanatumikishwa. Tofauti utaijua kwa nyuso zao.

Tena usichanganye kituo na darasa la awali. Mtoto akifikia umri wa kuingia darasa la awali, shule ya msingi ya serikali humpokea kwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, na tangu mwaka 2016 ada katika shule za serikali imefutwa. Kuna baba hapa kwetu aliyemweka mwanawe kituoni mpaka miaka sita kwa fahari ya sare tu, akauza kahawa mbichi kabla ya wakati ili alipe.

KARATASI

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka kituo kiandikishwe, na wasimamizi ni maafisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Kwa hiyo uliza cheti cha usajili, kwa upole lakini uulize. Yule mwenye twiga hakuwa nacho, nilijua baadaye. Hata hivyo kama kijijini kwenu kipo kituo kimoja tu, kimeanzishwa na akina mama wema chini ya mwembe bila karatasi, usikidharau wala usikikimbie. Hapo wazazi waende pamoja kwa mtendaji wa kijiji, afisa aitwe, aseme kinachopungua, nanyi mtoe miti na matofali. Cheti hakimchungi mtoto. Lakini humleta mkaguzi, na mkaguzi akija tundu la choo hufunikwa.

Baada ya kuchagua, kazi bado. Siku za kwanza mmoja wenu akae na mtoto pale, nusu siku, kisha saa moja, kisha aage. Aage kweli. Usimtoroke mtoto akigeuza kisogo, maana kesho hataukubali hata mkono wako. Jioni umwulize, siyo "umefundishwa nini?" bali "ulicheza na nani?" Mwoshe mwenyewe, umtazame mwili. Mtoto mgeni kulia wiki mbili ni desturi. Lakini aliyezoea akianza ghafula kuogopa mtu fulani, kukojoa kitandani tena, au kusema anaumwa sehemu za siri, usimkemee wala usimalize jambo kwa mazungumzo ya ukoo chini ya mti. Mpeleke zahanati siku ile ile, toa habari polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au piga simu namba 116, nayo haina malipo. Najua katika vijiji vyetu twaogopa aibu. Mtoto hana mtu mwingine wa kumsemea.

Akina baba, nawasihi jambo hili msiwaachie akina mama peke yao. Vituoni nilikokwenda nilitazamwa kama mtu aliyepotea njia. Mlezi mmoja aliniuliza kama nimefiwa na mke!

Binti yangu alikaa katika kituo kile cha pili mwaka na nusu. Paa lake ni la nyasi upande mmoja, na ubao wa jina hawana. Ada ilikuwa shilingi 6,000, mahindi na kilo mbili za maharage kila mwezi. Sasa yuko darasa la awali, na hata leo tukipita njia ile hunivuta mkono tuingie amsalimu mama yake wa kituo. Mdogo wake ataanza mwezi ujao. Debe lake la mahindi liko tayari mlangoni. Mke wangu amelimwaga juu ya mkeka, amechagua punje moja moja, na zile zenye ukungu amezichimbia shimo.